Kadi ya Shibiri na Vidole Vitatu

Kama hujawahi kumwona mtu mzima akirukaruka kwa furaha kwa sababu ya picha yenye ukungu ya kitu ambacho hata kiwandani hakijatoka, basi hujawahi kupita karakana ya bati iliyo nyuma ya soko, ile yenye mlango wa buluu usiofungika vizuri. Mle ndani, kona ya dirishani, ndiko anakofanyia kazi yule mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Tetesi. Jina alilopewa na wazazi lipo, ila hata mama yake mzazi alishachoka kulitumia.

Tetesi ni fundi bati, binti wa fundi bati. Marehemu baba yao alitengeneza ndoo, dohani za jikoni, mifereji ya mvua na masanduku ya wanafunzi, na aliwafundisha kazi watoto wake wawili, wa kiume na wa kike, kwa nyundo ileile na ukali uleule. Alipofariki, kaka mtu akashika karakana, akaendelea na ndoo na dohani kama kawaida. Tetesi yeye alikuwa ameshapotea zamani. Kuna mteja aliwahi kuleta kasha la kompyuta lililopondeka, anataka linyooshwe, naye Tetesi kwa kiherehere chake akachungulia ndani. Akaona kadi ya grafiki imelala humo na feni zake. Akauliza, hiki nini? Akaambiwa hicho ndicho kinachochora kila unachokiona kwenye skrini, na wacheza michezo ya kompyuta wanakithamini kuliko meno yao. Tangu siku hiyo, basi tena.

Akaanza kutengeneza makasha ya kompyuta, na makasha yake ni mazuri, nisiwe mchoyo wa sifa: mepesi, hayatetemeki, hewa inapita humo bila kubisha hodi. Lakini kilichompa jina si makasha. Kampuni zinazotengeneza kadi hizo hutoa kizazi kipya kila baada ya miaka kadhaa, na kabla hakijatoka, dunia nzima inapiga ramli. Itakuwa na kasi gani? Itakula umeme kiasi gani? Nene au nyembamba? Feni mbili au tatu? Kuna majukwaa huko mtandaoni ambako watu wazima wenye kazi zao na familia zao wanashinda wakigombana juu ya kivuli, na wanagombana kweli, mpaka wanaacha kusalimiana. Tetesi alikuwa humo tangu asubuhi, simu imeegemezwa kwenye kopo la ribiti, zile pini za kuungia bati, mkono unakata bati, jicho linasoma. Akikutana na jambo, anamgeukia yeyote aliye karibu.

"Wifi! Umesikia? Wanasema safari hii feni itakuwa moja tu!"

"Feni ya nini?" anauliza wifi yake, mke wa kaka, aliyeleta chai.

"Ya kadi mpya!"

"Iko wapi hiyo kadi?"

"Haijatoka."

"Basi ikitoka nikaribishe," anasema wifi, na anaondoka na sinia lake huku mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kaka yeye alikuwa hacheki. Kaka ni mtu wa maneno machache na futi kamba kiunoni. Anapima, anapima tena, ndipo anakata. Kumwambia kaka habari za kitu kisichokuwepo ilikuwa sawa na kuliimbia fuawe, lile chuma analogongea bati. "Mimi nakata bati la kitu nilichokishika," alikuwa akisema, kisha anageukia ndoo yake.

Na palikuwa na jambo moja lililokuwa likimchoma Tetesi rohoni, nalo ni chapa. Baba yao alikuwa na kipande cha chuma alichokichonga mwenyewe. Ukikiweka juu ya bati na kukigonga nyundo, kinaacha pembetatu ndogo yenye nukta katikati. Hakuna ndoo iliyotoka pale bila pembetatu ile. Wateja wengine walikuwa wanageuza ndoo na kutazama chini kwanza, ndipo wanatazama kama inavuja. Baada ya baba, chuma hicho kilihamia mfuko wa aproni ya kaka. Tetesi alikiomba mara moja kwa ajili ya makasha yake, kwa heshima zote.

"Chapa ya baba haigongwi kwenye umbeya," kaka alimjibu.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. Tetesi akarudi konani kwake. Ila mkono nao una mazoea yake: kila alipochora kitu kwenye karatasi, pale chini pembeni, kama baba alivyokuwa akifanya, penseli ilichora pembetatu na kuweka nukta kabla mwenyewe hajajua.

Sasa basi. Siku moja kule jukwaani walikuwa wanabishana kuhusu joto. Kadi mpya, walisema, itakuwa na nguvu mpaka iive yenyewe. Tetesi akaandika kwamba kwa joto hilo hakuna ujanja, lazima hewa iingie mbele na kutokea nyuma moja kwa moja. Hakuna aliyemsikiliza. Akaona huu si utani, akavuta karatasi ya kaki, akaichora hiyo kadi jinsi yeye anavyoiona, mdomo wa hewa huku, mkia wa hewa kule. Urefu akaupima kwa mkono, kama baba alivyopima kabla ya kununua futi: shibiri moja na vidole vitatu. Kisha akaweka futi juu yake ili aandike kwa milimita, maana watu wa jukwaani hawajui shibiri. Akapiga picha, akaituma na maneno machache: mimi naona itakuwa hivi.

Mmoja akaweka kikaragosi cha kucheka. Mwingine, anayejiita Jicho la Paka, akamwambia aongeze na magurudumu. Tetesi akanuna hadi jioni, kisha akasahau kabisa kwamba alichora.

Hazikupita siku nyingi akaingia Jenerali. Huyu ndiye mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta pale ng'ambo ya barabara, na jina la Jenerali alipewa kwa sababu kila siku anacheza mchezo wa vita na kila siku anakuwa wa kwanza kufa. Mtu mkarimu, mwenye sauti ya kuuza mnada.

"Fundi," alisema, "kadi mpya zikitoka nataka ukumbi wangu uwe wa kwanza. Mashine zote! Lakini meza zangu nyembamba, unazijua. Nataka makasha madogo, na siku kadi zinafika nataka nikute makasha yameshasimama yananisubiri."

Fundi mwingine yeyote mwenye akili zake angemwambia asubiri kadi itoke ipimwe. Tetesi alikubali kabla mtu wa watu hajamaliza sentensi.

Kaka akaweka nyundo chini. "Unakata kasha la kitu ambacho hakipo."

"Kinakuja, kaka."

"Msimu wa masanduku ya wanafunzi nao unakuja. Nahitaji kona hiyo na dirisha lake." Akajifuta mikono polepole. "Tufanye hivi, mdogo wangu. Makasha yakifaa, kona ni yako, sitafungua mdomo tena. Yakirudishwa, unahamia upande huu tupige masanduku, na mambo ya kompyuta yaishe."

"Yaishe kabisa?"

"Kabisa."

Wifi alikuwa mlangoni na birika, akasikia, akasema yeye ni shahidi na asije mtu kumruka baadaye. Tetesi akampa kaka mkono. Kona ile ndiyo ilikuwa maisha yake yote. Kuikosa ilikuwa kurudi kupiga masanduku meusi mpaka uzee, na alijua hilo vizuri sana.

Kazi ikawa ni kujua urefu. Tetesi akasoma kila kitu. Huyu anasema kadi itakuwa ndefu kama mkate wa kukata, yule anasema fupi, mwingine anasema binamu yake anafanya kazi ghalani na ameona boksi. Kila mtu ana binamu! Tetesi akawa anaamka na jibu moja na kulala na jingine. Wifi akawa anaulizia habari za kadi kabla ya kuulizia afya.

Kisha siku hiyo, karibu na adhuhuri, karakana ikalipuka.

"Nilisema! Nilisema mimi! Nilisemaaa!"

Ndoo ya kaka ilianguka kutoka juu ya meza. Jirani anayeuza vioo akaja mbio akidhani mtu kakatika kidole. Tetesi alikuwa amesimama juu ya stuli, simu juu kama anatafuta mtandao. Imevuja! Picha imevuja! Mchoro kutoka ndani kabisa ya kiwanda, wa rangi ya kijivu, mistari ya kompyuta, umechafukachafuka kama picha iliyopigwa kwa siri. Hewa inaingia mbele, inatokea nyuma. Moja kwa moja! Dunia nzima ilikuwa inaizungumzia. Jicho la Paka, yuleyule wa magurudumu, alikuwa ameandika aya ndefu akisifu akili ya wahandisi.

Na urefu ulikuwa umeandikwa. Tetesi akashuka, akavuta futi, akaweka alama mezani, akalaza mkono wake juu. Shibiri moja na vidole vitatu, haipungui wala haizidi unywele.

Jamani, angengoja nini tena yule? Akambusu jirani wa vioo shavuni, jambo ambalo jirani bado analisimulia. Akavuka barabara akampa Jenerali habari, Jenerali akaichapisha ile picha kubwa na kuibandika mlangoni: HII NDIYO INAKUJA. Tetesi akarudi, akashika mkasi wa bati, akaanza kukata.

Alifanya kazi kwa raha ambayo hajapata kuiona. Alikata, akakunja, akapiga ribiti huku anaimba ovyo. Makasha yakasimama ukutani moja baada ya jingine, madogo, nadhifu, kila moja na chumba chake cha kadi cha shibiri moja na vidole vitatu na upenyo kidogo wa kupitisha waya. Kaka alikuwa akipita anayatazama kwa pembe ya jicho. Bati lilikuwa limekunjwa vizuri, na kaka hana uwezo wa kupita mbele ya bati lililokunjwa vizuri bila kuligusa. Mwishowe akasimama.

"Hapa ulipimaje?"

Tetesi akaona huu ndio wakati wake. "Kwa mkono, kama baba! Tazama, kaka." Akalaza kiganja ndani ya kasha, akanyoosha kidole gumba na cha mwisho, akaongeza vidole vitatu. "Shibiri na vitatu. Barabara kabisa. Na kiwandani ni hivyohivyo, nimehakikisha."

Kaka akatazama ule mkono. Akautazama sana.

"Mkono wa nani huo?"

"Wangu, wa nani tena?"

"Kwani hao wa kiwandani walikuja lini kukupima mkono?"

Tetesi akacheka. Akaendelea kucheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Akachukua simu, akaifungua ile picha ya kijivu iliyozunguka dunia, akaivuta ikawa kubwa, akaenda chini pembeni, pale penye doa alilolidhani ni uchafu wa picha. Akaivuta tena.

Pembetatu ndogo. Ina nukta katikati.

Akaketi juu ya kasha lililokuwa karibu. Kumbe mtu fulani asiye na haya, huko alikokuwa, aliuchukua mchoro wake wa kaki, akaunyoosha kwa kompyuta, akauchafua ufanane na wa wizi, akautupa duniani, na dunia ikaubeba. Uvumi wake mwenyewe ulikuwa umetoka nyumbani na karatasi ya kaki ukarudi umevaa suti, naye akaupokea mlangoni na kuuamini kwa sababu ulisema kila alichokuwa akikitaka. Na bati lilishakatwa.

Kaka hakusema nilikwambia. Hakucheka. Aliichukua simu, akaitazama ile pembetatu karibu na pua.

"Hii ni ya baba," alisema.

"Ndiyo."

"Na watu wote hao wameiona?"

"Dunia nzima, kaka."

Akamrudishia simu, akarudi kwenye ndoo yake. Ila mara hii nyundo yake ilichelewa sana kuanza kulia.

Tetesi alivuka barabara siku hiyohiyo akamweleza Jenerali ukweli wote, maana kunyamaza aliona ni kujipalia makaa. Jenerali akamsikiliza, mdomo wazi, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Yaani umejidanganya mwenyewe kimataifa?"

"Usinicheke, Jenerali. Nina hali mbaya."

"Sikucheki, nakupongeza!" Akajifuta macho, kisha akawa mtu wa biashara. "Tangazo la kampuni linakuja. Tutatazama wote hapa, kwenye skrini kubwa. Ikiwa kadi inaingia, inaingia. Ikiwa haiingii, kuna muuzaji wa makasha ya kuagiza amenipigia simu tayari, na wewe hutanilaumu."

Na unajua kilichofuata? Yule mwanamke akaanza tena kuamini! Siku zilizobaki alikuwa anajisemea, labda nilipatia. Hesabu ya joto ilikuwa hesabu ya kweli. Labda hata kampuni yenyewe imeuona mchoro, ikasema hili wazo si baya. Wifi alimsikiliza, akampa chai yenye sukari nyingi, akamwambia anywe.

Asubuhi ya tangazo ukumbi ulifurika. Watu walikaa wawili wawili kwenye kiti kimoja, wengine juu ya meza. Tetesi alisimama mbele kabisa, mikono imekamatana. Taa zikazimwa. Skrini ikawaka. Akatokea mtu wa kampuni na koti lake, akaanza kuzungukazunguka kwenye maneno, kasi hii, uwezo ule, ukumbi unapiga miluzi. Kisha ikaonyeshwa kadi yenyewe imekatwa katikati ili uone ndani, na mishale ya buluu ikaingia mbele, ikapita katikati, ikatokea mkiani nyekundu.

"Mbele nyuma!" Tetesi alipiga kelele. "Moja kwa moja! Mnaona? Mnaonaaa?"

Ukumbi mzima ukamgeukia na kumshangilia, maana habari zake zilikuwa zimeshaenea. Watu wakampiga mabegani. Jenerali akambeba juujuu. Nakwambia ilikuwa furaha ya kweli, ya mtu aliyefikiria jambo kwenye kona ya karakana na jambo lenyewe likawa hivyo. Akiwa bado hewani ndipo yule mtu wa koti akaichukua kadi na kuinyanyua kwa mkono mmoja.

Tetesi hakuhitaji futi. Alitazama kiganja cha yule mtu kilivyoishika, na vidole vyake vilipoishia, na kadi ilivyoendelea. Shibiri moja na nusu. Haikosi.

"Niweke chini, Jenerali," alisema.

Haiingii. Ilikuwa imezidi kwa vidole vitatu vingine, na kidogo juu yake. Ukumbi ulikuwa bado unashangilia, lakini yeye alikuwa anaona kona yake, dirisha lake, kopo lake la ribiti, na masanduku meusi yamepangwa hapo mpaka darini. Machozi yakaanza kumlenga. Jenerali akamtazama, akaelewa, akatazama chini. Alikuwa akimpenda fundi wake, lakini kasha ambalo kadi inachungulia nje hawezi kuweka.

"Hiyo ni dohani," sauti ikasema nyuma yao.

Alikuwa kaka. Kaka, ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi ule! Amesimama na aproni yake, futi kiunoni, jicho kwenye skrini, kidole kimenyooka.

"Nini?" Tetesi akauliza.

"Kitu kinachovuta hewa huku na kuitoa kule, mimi nakiita dohani. Sioni mnalopigia kelele." Akasogea karibu. "Wewe unataka kurefusha kasha lote. Kasha liache. Dohani ikiwa fupi hatubomoi nyumba, tunaunga shingo. Toboa mbele, vika shingo ya bati, kadi itoe kichwa iingie humo. Na hewa itaingia palepale inapotakiwa kuingia."

Tetesi akamtazama kama ndiyo kwanza wanakutana. "Pua," alisema taratibu. "Kaka, unasema niliwekee pua!"

"Nimesema shingo."

"Pua!" Akamshika mkono, akamgeukia Jenerali. "Meza zako nyembamba kwa upande, lakini kwa mbele si kuna nafasi wazi ya kupitishia waya? Pua itakaa hapo. Nipe mpaka kadi ya kwanza ifike. Moja tu. Ikigoma, piga simu kwa mtu wako wa kuagiza na mimi sitakutazama vibaya."

Jenerali akawatazama wote wawili, na nadhani alichoogopa zaidi ni kukosa kuona mwisho wake. "Ya kwanza ikifika," alisema.

Wakarudi mbiombio. Wifi aliwaona wakipita akadhani kuna moto. Kwa siku kadhaa karakana ile haikupiga ndoo hata moja. Kaka alikunja bati la pua kwa namna baba alivyokunja shingo za dohani, pana mdomoni, nyembamba kidogo shingoni, bila mshono kuonekana, na Tetesi akakata mbele ya makasha na kuyapokea. Walibishana, lo! Kaka alitaka pua nene, dada alitaka nyembamba, kaka akasema ni lazima wajue kadi ina uzito gani, dada akasema jukwaani wanasema hivi, kaka akauliza, "Nani anasema?" Tetesi hakulitilia maanani swali hilo wakati ule.

Kadi ya kwanza ilifika kwenye boksi lake, Jenerali ameibeba kwa mikono miwili kama mtu wa mayai, na nyuma yake nusu ya ukumbi. Waliingia karakanani wote, wakajibana kati ya ndoo na mifereji. Tetesi akaitoa kadi. Ilikuwa nzito kuliko alivyowaza, na nzuri kuliko picha zote, za kweli na za uongo. Akaiteremsha ndani ya kasha, ambamo mashine ya Jenerali ilikwisha kufungwa, akaisukuma mbele. Ikapita kwenye tundu. Ikaingia puani. Ikakaa, ikasikika ta! ilipojifunga mahali pake.

Jenerali akawasha umeme, feni zikaanza kuzunguka, akatoa karatasi nyepesi mfukoni akaisogeza mbele ya pua. Pua ikainyaka karatasi na kuishikilia.

Kelele zilizopigwa zilifika sokoni. Jenerali alikuwa akiyaita makasha yake yote kwa sauti, "Yalete! Yote! Yote yenye pua!" Jirani wa vioo alisogea karibu na Tetesi kwa matumaini, lakini safari hii hakupata kitu. Wifi alisema yeye kama shahidi anatangaza kwamba kona imepata mwenyewe na asije mtu kumruka. Kaka akatikisa kichwa kukubali.

Watu walipotoka, karakana ikatulia. Kaka akaingiza mkono mfuko wa aproni, akatoa kile chuma. Akalilaza kasha ubavu, akaweka chuma pembeni, pale chini ya pua. Tetesi alisimama kando, akiogopa kaka asije akabadili mawazo.

"Lete nyundo," kaka alisema.

Akampa. Kaka hakugonga. Alishikilia chuma kikae sawasawa kwa mkono wake, na nyundo akamrudishia yeye.

Tetesi akagonga mara moja. Pembetatu ikakaa, na nukta yake katikati. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na hakujificha, na kaka mtu akajifanya anatafuta kitu chini ya meza mpaka dada yake alipomaliza. Kisha akainuka, akakohoa, akaanza kukunja futi ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Sasa," alisema, macho kwenye futi, "hiyo itakayofuata baada ya hii... wanasemaje?"

Wifi, aliyekuwa anaingia na birika, akasimama mlangoni. "Jamani! Wamekuwa wawili!"

Tetesi hakumsikia. Alikuwa ameshavuta stuli karibu na ya kaka yake, simu mkononi, anamweleza yote tangu mwanzo.